Nilivyomfikisha mama New York kutoka Lamu

Dada yangu anaishi New York na mwaka huu alijifungua, mama akasema lazima akamuone mjukuu wake, basi kazi ya kumpeleka ikawa yangu. Kitu cha kwanza nilichotaka kujua ni masaa, kwa sababu mama miguu yake inavimba akikaa sana.

Tiketi imeandikwa kuondoka Nairobi saa tano na nusu usiku, kufika saa moja na nusu asubuhi. Mama akahesabu kwa vidole, akaniambia, "Mwanangu, ndia yote hiyo masaa manane tu?" Nikamwambia sivyo mama, hiyo saa ya kufika ni ya kwao, na mwezi wa kumi wako nyuma yetu masaa saba, kwa hiyo hewani ni masaa 15, kilomita kama 11,800 bila kutua popote. Hiyo ndege ya moja kwa moja Kenya Airways waliianza tarehe 28 Oktoba 2018 na kwa mtu mzima kama mama ni nafuu kubwa mno, hakuna kuburuzana na mizigo kwenye nchi ya watu usiku.

Lakini kwa mtu wa Lamu hesabu haianzii Nairobi. Unavuka na boti mpaka kisiwa cha Manda kwenye uwanja wa ndege, halafu ndege ndogo saa moja na kitu, na ile yetu inatua Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, wakati ya Marekani inaondokea JKIA, ule uwanja mkubwa, hapo katikati kuna foleni ya magari. Miaka ya nyuma nilienda Jeddah nikapanga vyote siku moja, ndege ndogo ikachelewa na tiketi kubwa ikapotea hivi hivi, iliniuma sana. Safari hii tukatoka Lamu siku moja kabla, tukalala kwa shangazi South C, hapo hapo Nairobi, mama akapumzika vizuri.

Akaniuliza pia mbona kurudi ni masaa 14 na njia ni ile ile. Nikamwambia kule juu kuna upepo mkali unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ukienda Marekani ni upepo wa omo, unakupiga mbele, ukirudi unakuwa wa tezi, unakusukuma nyuma. Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi, hapo mama hakuuliza tena.

Ndani ya ndege kila masaa mawili namwamsha tunatembea mpaka nyuma kwenye vyoo na kurudi, maji anakunywa kidogo kidogo. Kilichomsumbua ni usiku. Saa yake ya mkono hakutaka kuibadilisha, sasa anaangalia ni saa tatu asubuhi, Lamu jua limeshapanda na maduka yamefunguliwa, anainua kile kidirisha nje giza totoro, anashusha, baada ya muda anainua tena. Wasiwasi wake ulikuwa alfajiri isimpite. Nikamweleza tunakwenda upande jua linakozama ndio maana kunachelewa kupambazuka. Tukakaa macho wote wawili mpaka weupe ulipotokea nyuma ya bawa, akatayamamu, ule udhu wa bila maji, akasali pale pale kwenye kiti.

Miguu haikuvimba. Dada alikuwa anatusubiri nje na mtoto kamfunga kifuani, mama akampokea hata buibui hajaliweka sawa.