Siku yangu moja na jengo la ghorofa 8 kwenye ukanda wa matetemeko

Saa 2 asubuhi nafungua modeli ya jengo kwenye kompyuta. Swali langu la kwanza: likitikiswa, linayumba tu au linajinyonga, yaani linajisokota kama kitambaa kinachokamuliwa? Hili linajinyonga. Lifti na ngazi zimebanwa kona moja, na kuta zake za zege ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Upande huo utatulia, upande wa pili utarushwa, na nguzo za kona ya mbali ndizo zitakazoumia.

Saa 4, kikao na msanifu. Anataka mapokezi ya chini yawe marefu na wazi, vioo kila upande. Namwelewa, lakini ghorofa dhaifu ya chini ndiyo iliyoangusha majengo mengi kwenye tetemeko la Kobe, Japani, mwaka 1995. Tunakubaliana: lifti zihamie katikati, na kuta mbili za zege, moja kila ubavu, zishuke hadi kwenye msingi bila kukatizwa. Vioo vinabaki mbele na nyuma.

Saa 7 mchana narudi kwenye nguzo na boriti, kazi nisiyomwachia mtu. Kwa fremu za nguzo na boriti zinazobuniwa kuhimili matetemeko, kanuni ya Marekani ya zege, ACI 318, inataka kwenye kiungo nguvu za nguzo zizidi za boriti angalau mara 1.2, na Eurocode 8, kanuni ya Ulaya ya matetemeko, inataka 1.3. Boriti ikipinda na kupasuka, sakafu bado inashikiliwa. Nguzo ikivunjika, inashuka na vyote vilivyo juu yake. Ndiyo maana nakataa mtu anaposema “tuongeze nondo kwenye boriti kwa usalama.” Boriti ikiishinda nguzo nguvu, umehamishia mvunjiko mahali pabaya kuliko pote.

Saa 9 niko saiti, jengo jingine. Ringi za nguzo, vile vyuma vinavyozungushiwa nondo za wima, ncha zake zimekunjwa nyuzi 90.

“Injinia, si zimefunga vizuri?”

“Zimefunga leo, fundi. Zege la nje likibanduka, hii ndoano inafunguka, na nondo zako za wima zinapinda kuelekea nje.”

Namkunjia moja nyuzi 135, ncha ikazama ndani ya kiini cha nguzo. Anaivuta kwa nguvu zote, haitoki. Kumwaga zege kunaahirishwa hadi ringi zote zibadilishwe.

Saa 11 jioni modeli mpya imemaliza hesabu. Mtindo wa kwanza, yaani namna jengo linavyotikisika kirahisi zaidi, sasa ni kuyumba. Kujinyonga kumeshuka hadi wa tatu. Ghorofa ya 3 bado inasogea kiasi kinachokaribia mno kikomo kinachoruhusiwa, kwa hiyo kesho naanza na unene wa zile kuta mbili.