Kumbukumbu ya mradi: samaki klauni wa Allard na anemoni yake

Mradi huu una lengo moja: jozi ya samaki klauni wa Allard (Amphiprion allardi) iishi ndani ya anemoni ya vibofu (Entacmaea quadricolor), mnyama laini wa baharini mwenye minyiri inayochoma, kwenye tangi la nyumbani hapa pwani, kwa hiari yao. Aina hizi mbili hazikuchaguliwa kwa rangi. Allard ni samaki wa bahari yetu, mweusi-kahawia mwenye mistari miwili mipana myeupe na mkia mweupe, na anemoni ya vibofu ni mojawapo ya makazi yake ya asili. Wafugaji wengi hununua klauni aina ya ocellaris, wa rangi ya machungwa, wakamwekea anemoni hiyohiyo, kisha wanalalamika kwamba miezi inapita na samaki haisogelei. Baharini, ocellaris huishi kwenye anemoni za aina nyingine: Heteractis magnifica, Stichodactyla gigantea na Stichodactyla mertensii. Anemoni ya vibofu haimo. Wengine huikubali mwishoni, lakini unakuwa umeanza kwa kupanda mlima. Vivyo hivyo kwa akallopisos, klauni mwingine wa kwetu mwenye mstari mweupe mgongoni: yeye ana mbili tu, magnifica na mertensii. Ukilinganisha vizuri samaki na anemoni kabla ya kutoa pesa, nusu ya kazi imekwisha.

Tangi na maji

Kioo kina urefu wa sm 120, upana sm 50 na kimo sm 50. Kwa hesabu ni lita 300, ila ukitoa mwamba, mchanga na nafasi ya juu, maji yenyewe ni kama lita 250. Tangi lilikuwa limeshaendeshwa na maji yake zaidi ya miezi sita, hadi likatulia, kabla ya anemoni kuingia, na muda huo haufupishwi. Tangi changa linaweza kuonyesha amonia sifuri leo na kesho likayumba. Samaki atavumilia, anemoni itanywea.

Vipimo tunavyovishikilia: chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji (1.026 kwenye refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi), joto nyuzi 26, alkalini (uwezo wa maji kuzuia tindikali) 8 hadi 9 kwa kipimo cha dKH, naitreti mg 5 hadi 10 kwa lita, fosfeti isipite 0.1. Amonia na naitraiti ziwe sifuri. Naitreti haisukumwi hadi sifuri, kwa sababu mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya anemoni, ambao ndio unaoilisha kwa mwanga, unaihitaji.

Hapa pwani shida kubwa ni joto na uvukizi. Feni mbili juu ya maji zinashusha nyuzi mbili hivi usiku wa kawaida, lakini wakati wa kaskazi hewa ina unyevu mwingi na feni hazitoshi. Hapo tunawasha kipoza maji. Feni zinavukiza lita tatu hadi nne kwa siku. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Usipojaza kwa siku tano, umepoteza lita 20 na chumvi imepanda kutoka 35 hadi 38. Kwa hiyo kuna ndoo ya maji matamu yaliyochujwa kwa osmosisi ya kinyume, yenye boya linalojaza lenyewe. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri huanza kazi mara moja.

Anayechota maji baharini badala ya kuchanganya chumvi achote maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto au mfereji, na aache kabisa wakati wa masika. Maji ya mvua hushusha chumvi na huleta tope na uchafu wa mjini.

Anemoni

Tuliyonayo ilitokana na anemoni iliyojigawa kwenye tangi lingine. Hilo tulilisisitiza. Anemoni inayong'olewa mwambani huacha samaki bila nyumba, na klauni asiye na nyumba baharini huliwa upesi. Ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu, Malindi na Mafia kuikusanya ni kosa la sheria pia. Halafu anemoni iliyokulia kwenye tangi imeshazoea taa na haina jeraha la kung'olewa.

Dukani angalia vitu vinne: mdomo umefungwa, minyiri inanata ukiigusa, mguu hauna mpasuko, na rangi si nyeupe wala njano ya kung'aa isivyo kawaida. Nyeupe maana yake mwani umetoka, na anemoni hiyo inajila yenyewe. Minyiri kukosa vibofu na kuwa mirefu si ugonjwa. Tusiikatae kwa hilo.

Kabla ya kuiingiza, kila mdomo wa pampu ulifunikwa kwa sponji nene iliyofungwa kwa kamba za plastiki. Hii ndiyo ajali inayoua anemoni nyingi kuliko zote: inatembea usiku, inavutwa na pampu, inasagwa, na asubuhi tangi zima ni supu. Sponji hizo huoshwa kila wiki maana zikiziba mkondo unakufa.

Kuizoesha maji ya tangi kulifanywa tone kwa tone kwa saa moja na nusu, hadi maji ya ndoo yakawa mara tatu ya yale ya mfuko iliokuja nao. Kisha mguu ukawekwa mbele ya ufa wa mwamba wenye kina cha sm 8 hivi, pampu za mkondo zikazimwa kwa saa moja, jiwe la hewa likabaki. Anemoni hii inataka mguu gizani na minyiri kwenye mwanga. Ukiiweka juu ya jiwe tambarare lazima itahama. Taa zilianza kwa nguvu ya asilimia 40 zikapandishwa polepole kwa wiki tatu. Sasa kipimo cha mwanga palipo na minyiri ni mikromoli 200 hivi.

Wiki ya kwanza ilisogea kidogo kuelekea kulia, ikajibana. Hatukuigusa. Anemoni inayohama inatafuta mwanga, mkondo au mahali pa kushika, na ukiirudisha unaianzishia safari upya. Kinachohamishwa ni matumbawe: yote yaliyokuwa karibu ya sm 15 yaliondolewa, maana minyiri huyachoma.

Kunywea mara moja kwa siku na kutoa nyuzi za kahawia mdomoni ni kawaida, inatoa taka. Mdomo ulioachama, utumbo nje na harufu ya kuoza ni kitu kingine. Hiyo itolewe saa hiyohiyo na maji yabadilishwe.

Chakula ni kipande cha kamba mbichi au ngisi cha sm 1, mara mbili kwa wiki, kwa koleo refu. Kipande kikubwa hutapikwa kesho yake na kuoza kwenye mchanga.

Samaki

Wawili, mmoja wa sm 6 na mwingine wa sm 4. Tofauti ya ukubwa ina sababu. Klauni wote huanza wakiwa madume, na aliye mkubwa hugeuka jike. Wakilingana, watapigania nafasi hiyo. Wakiwa tayari majike wawili, mmoja atauawa.

Walikaa karantini wiki nne kwenye tangi la pembeni. Dawa yoyote, hasa ya shaba, imalizikie huko, kwa kuwa shaba huua anemoni. Tulichokuwa tukikitafuta zaidi ni Brooklynella, kidusia kinachowaandama klauni: ute mweupe unabanduka, samaki anapumua kwa haraka juu ya maji. Klauni hulindwa na ute wake. Tafiti zinaonyesha ute huo una asidi ya sialiki kidogo sana, na asidi hiyo ni mojawapo ya vitu vinavyofyatua chembe za kuchoma za anemoni. Samaki ambaye ute wake umeharibika akiingia ataungua kama samaki mwingine yeyote.

Waliingizwa pale tu anemoni ilipokuwa imekaa mahali pamoja wiki mbili mfululizo na inakula. Kwanza walikaa siku mbili ndani ya kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, kikining'inia sm 10 kutoka kwenye minyiri, upande ambao mkondo unatoka kwa anemoni kwenda kwao. Klauni huvutwa na harufu. Mwaka 1986 watafiti wa Japani waliitenga kemikali ya anemoni inayomvuta klauni wa aina nyingine, wakaiita amfikuemini. Samaki aliyezaliwa kwenye tangi lisilo na anemoni hajawahi kuinusa, kwa hiyo apewe nafasi.

Kabla ya kuwafungulia, tuliondoa makazi ya badala: tumbawe laini kubwa la kona ya kushoto, na kishada cha mwani. Pampu moja ilihamishwa ili nyuma yake pasiwe na kivuli cha kulala. Klauni akishapata mahali salama hana sababu ya kutafuta pengine.

Tulifungua taa zikiwa zimefifia. Alianza jike. Alielea umbali wa sm 5, akagusa kwa mkia, akaruka. Baadaye akagusa kwa mapezi ya tumboni, mnyiri ukanata, akajinasua. Halafu akaanza kuidonoa kwa mdomo. Mwenendo huu wa kugusa na kukimbia ndio unaojenga kinga, unaweza kuchukua dakika au siku kadhaa, na haufai kuingiliwa. Usimsukume kwa wavu: yeye anaogopa, anemoni inajifunga. Kubandika picha ya klauni akiwa kwenye anemoni nje ya kioo hakuna msingi wowote. Kilichosaidia ni chakula kuachiliwa juu ya mkondo ili kipite kwenye minyiri kabla ya kuwafikia. Jike alipolala humo, dume alifuata siku iliyofuata.

Hali ya sasa

Jike anajisugua kwa nguvu na anemoni hunywea mchana. Hilo hutokea anemoni ikiwa ndogo. Yetu ina kipenyo cha sm 18, na Allard hufikia sm 14 hivi, kwa hiyo inabidi ikue. Tukiona imebaki imenywea siku tatu, jike atarudi kisandukuni wiki nzima. Vilevile huiba kamba mdomoni mwa anemoni, ndiyo maana samaki hulishwa kwanza, dakika kumi kabla.

Kipande cha kigae cha udongo kimewekwa kando ya mguu, sehemu inayofunikwa na minyiri. Jozi ikikomaa itataga hapo, dume atayapepea mayai kwa mapezi, na kwa joto hili yataanguliwa baada ya siku saba au nane, usiku taa zikiwa zimezimwa. Tangi la vifaranga la lita 40 linaandaliwa.