Siku moja maishani mwangu: nasomea umeme, nafukuzia lenzi, Lubumbashi

Saa 10 alfajiri. Huku kwetu Katuba umeme mara nyingi hurudi watu wakiwa wamelala, basi kompyuta ndiyo inayokesha. Jana nimeiachia lenzi ya taa ya kichwani, kama zile za wachimbaji, iirushie miale milioni 1 ya kuigiza. Picha imetoka na chenga. Hesabu hizi zinakwenda kwa kubahatisha: ukitaka chenga zipungue kwa nusu, urushe miale mara nne. Ila hata kwenye chenga naiona pete ya giza, pale lenzi ya katikati inapokutana na kuta za pembeni. Mwale ulio ndani ya akriliki, plastiki angavu ya lenzi, ukigonga ukuta kwa pembe inayozidi digrii 42 kutoka mstari unaosimama wima juu ya ukuta huo, hautoki nje, unarudi ndani wote. Kuta zangu zinawahi mno kusimama. Nazilaza kidogo, naweka miale milioni 4, nakwenda kuoga.

Programu ya kurusha miale nimeiandika mwenyewe kwa lugha ya Python. Zemax na LightTools, programu za kubuni lenzi, ni nzuri, lakini bei ya leseni ni ya makampuni.

Saa 2 asubuhi. Darasani, milinganyo ya Maxwell, ile ya umeme na sumaku. Wenzangu karibu wote wanawaza mgodi; mji huu mhandisi ni shaba na kobalti. Ukisema unataka kubuni lenzi, wanakuuliza utafungua duka la miwani mtaa gani.

Saa 8 mchana. Bukari (ugali) na sombe (kisamvu), haraka, halafu kibandani soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, ninakotengeneza taa za sola na tochi. Anakuja papa mmoja, yaani mzee, mlinzi wa usiku. Mwanga wa tochi yake ya ledi (LED) haufiki getini.

"Mwanangu, niwekee ledi kubwa."

"Papa, nikuwekee kubwa, doa la mwanga litapanuka tu."

Haniamini, na ana haki, maana sokoni kila kitu kinauzwa kwa wati. Nachukua kipima mwanga, nasimamisha tochi mita 2 kutoka ukutani: katikati luksi 500, kipimo cha mwanga unaofika mahali. Zidisha kwa umbali mara umbali, unapata kandela 2,000, nguvu ya mwanga kuelekea upande mmoja. Ledi kubwa yenye mng'ao uleule kwa kila milimita ya mraba haiongezi kandela za katikati hata moja. Mwanga wa ziada wote unamwagika pembeni. Kinachopeleka mwanga mbali ni upana wa kikombe kinachouakisi: kipenyo kikiwa mara mbili, katikati panapata mara nne.

Nilikuwa na kichwa cha tochi iliyokufa, kipana karibu mara mbili. Nikahamishia ledi yake ileile humo, nikaisogeza mbele nyuma mpaka doa likakaza. Luksi 1,700. Isingekuwa ile mikwaruzo ya kikombe, tungekaribia 2,000. Papa akamulika paa la kibanda cha mwisho sokoni, akacheka, akalipa bila kupunguziwa.

Saa 12 jioni. Naandika ombi la kusoma Institut d'Optique, kule Palaiseau, Ufaransa, shule ya sayansi ya mwanga iliyoanzishwa mwaka 1917. Ile ya Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani nayo ni ya zamani, ila Kiingereza changu bado kinachechemea. Kwa anayetaka njia hii: jiometria, vekta na kuandika programu vinatakiwa kabla ya kifaa chochote cha bei kali.

Barua ya kujieleza imenishinda mara nyingi kwa maneno makubwa ya ndoto. Leo nimeyafuta yote. Nimeweka picha mbili za doa ukutani, luksi 500 na luksi 1,700, na mistari sita ya hesabu chini yake.