Twiga wangu wa 2008 bado anachechemea

Juzi nilikuwa napanga chumba nikakuta boksi la viatu limejaa sidii, nyingine zimechubuka hata hazisomeki maandishi, moja nimeandika kwa maka peni FLASH 2008 USIFUTE. Mpwa wangu akaichungulia akaniuliza, "Anko, flashi gani kubwa hivyo?" Nikacheka mpaka basi. Kwake yeye flashi ni kale kadude ka kubebea muvi, hajui kwamba kuna Flash nyingine, programu ya kutengenezea katuni na magemu ya kwenye tovuti, ambayo ndo ilinilipia kodi ya chumba miaka hiyo.

Laptopu yangu haina hata sehemu ya sidii, ikabidi niazime kisomeo kwa fundi jirani. Ikakwaruza weee, mwisho yakatoka mafaili 14 ya swf, yaani kazi zangu za Flash. Nikabofya la kwanza, Windows inaniuliza nataka kulifungulia na programu gani. Mimi nitajuaje sasa.

Kwa wasioikuta, Flash ilianza 1996, kuna jamaa anaitwa Jonathan Gay na wenzake walikuwa na programu ya kuchorea katuni, kampuni ya Macromedia wakainunua mwaka huohuo, na 2005 Macromedia yenyewe ikamezwa na Adobe. Ujanja wake ulikuwa huu, picha haikuhifadhiwa nukta kwa nukta, ilihifadhiwa kama maelezo ya mistari na rangi, kwahiyo katuni nzima yenye muziki unaikuta ni faili dogo tu. Sisi tuliokuwa tunalipia intaneti kafe kwa nusu saa tunajua hiyo ilikuwa na maana gani, picha moja ya kamera inashuka taratibu kama pazia wakati katuni ya Flash ishaanza kucheza. Hata YouTube ilipoanza 2005 video zake zilichezea humohumo.

Halafu zikaja simu. iPhone ya 2007 ilitoka bila Flash, Aprili 2010 Steve Jobs akaandika barua ndefu kuiponda (inakula betri, inagandisha mashine, ina matundu ya usalama), watu wakasema ana roho mbaya lakini kwenye matundu hakudanganya, kila wiki mbili tatu ilikuwa apdeti. 2011 Adobe wenyewe wakaachana na Flash ya kwenye simu. Mteja wangu mmoja wa utalii alinipigia kulalamika kwamba saiti yake kwenye simu ni boksi tupu, na mimi sikuwa na jibu, nikamwambia aifungulie kwenye kompyuta. Hakunipa kazi tena.

Julai 2017 Adobe wakatangaza mwisho wa Flash, tarehe 31 Desemba 2020 msaada ukakatwa, na 12 Januari 2021 player yenyewe, ile plagini ya kwenye brauza inayochezesha mafaili ya Flash, ikaanza kukataa kucheza kitu chochote, yaani walishatega saa ndani kabisa. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini walikuwa bado wana fomu za kodi za Flash, basi Januari hiyohiyo badala ya kumaliza kuzibadilisha wakatoa brauza yao wenyewe ya kufungulia hizo fomu! Niliwacheka sana kipindi kile. Sasa hivi nimekaa na sidii yangu na kisomeo cha kuazima siwacheki tena.

Kilichoniokoa ni Ruffle, programu ya bure inayoandikwa na watu wa kujitolea, inaiga Flash player bila kuihitaji ile ya Adobe. Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, wanaitumia tangu Novemba 2020 kwenye katuni na magemu ya zamani. Nikaburuzia faili la kwanza humo na twiga wangu akatokea! Anavuka skrini kwenda kwenye kitufe cha KARIBU, na mguu wa nyuma kulia unachechemea vilevile, kwasababu nilikosea fremu ya nne na mteja alikuwa anataka kazi kesho yake asubuhi. Mpwa akauliza, "Anko, huyu ameumia?"

Ila siyo yote. Gemu langu la daladala kukwepa mashimo nililiandika kwa ActionScript 3, toleo la tatu la lugha ya kuandikia programu za Flash, na hiyo ndo inayowasumbua watu wa Ruffle, maana inaendeshwa na mashine tofauti kabisa na ile iliyoendesha matoleo mawili ya mwanzo, wamefika mbali ila haijakamilika. Muziki ulipiga, mashimo yakaja, daladala yenyewe hakuna. Labda mwakani itaonekana labda isionekane kabisa, na hapo hakuna wa kumlaumu, huwezi kumfokea mtu anayekufanyia kazi bure usiku baada ya ajira yake. Ninaowalaumu ni Adobe, watu waliwaomba tangu 2017 waiachie hadharani kodi ya player (siyo kodi ya pesa, ni yale maandishi yanayoiunda programu), hawakuiachia. Kuiua sawa, mimi mwenyewe nisingependa plagini ile irudi kwenye brauza ya mtu yeyote, lakini ungetuachia funguo za nyumba wakati unahama.

Na kuna kitu ambacho hata Ruffle wakifika asilimia mia hakitasaidia. Nilikuwa na chemsha bongo ya jiografia ya watoto wa shule, inafunguka vizuri kabisa, jina la mchezo, kitufe cha ANZA, ukibofya inaandika "Subiri kidogo..." na inasubiri mpaka leo. Maswali hayakuwa ndani ya faili, yalikuwa kwenye seva, na ile seva ilizimwa zamani kwasababu hakuna aliyelipia. Player ipo, faili lipo, maswali ndo hayapo popote duniani.

Basi nikadaunlodi JPEXS, inafungua swf na kukuonyesha kodi ya ndani, nikajikuta nasoma maneno yangu ya miaka hiyo, swali, jibu_a, jibu_b, na anwani ya ile seva marehemu. Anwani nimeibadilisha isome faili lililopo hapahapa kwenye laptopu. Maswali 20 ndo inabidi niyaandike upya, sikumbuki hata moja, kwahiyo mpwa anatunga mimi nachapa. Tumefika la nne, na la nne anang'ang'ania liwe la Simba na Yanga, namwambia hii ni jiografia anasema, "Anko, uwanja uko wapi? Si Temeke?"