Nimelifuata bomba hadi Msimbati

Bajaji iliyonipeleka Mbagala alfajiri ile ilikuwa inatumia gesi asilia badala ya petroli, mtungi wake nyuma ya kiti. Dereva alikuwa amepanga foleni ya kujaza tangu saa saba usiku. Nilipomwambia naenda kule gesi inakotoka, akacheka: "Kaka, waambie waongeze presha."

Daraja la Mkapa nililivuka nikisinzia. Nilizinduka Somanga, vijana wakigombea madirisha ya basi na samaki wa kukaanga na korosho. Hapo ndipo bomba la Songo Songo linapotoka baharini. Kampuni ya AGIP ya Italia iliikuta gesi kisiwani mwaka 1974. Dar es Salaam ikaanza kuitumia 2004. Miaka 30! Nami nilikuwa nimenuna kwa pancha ya nusu saa.

Lindi, jirani yangu alinyoosha kidole upande wa Likong'o, kunakosubiriwa kiwanda cha kusindika gesi ya bahari kuu. Nchi inahesabu futi za ujazo trilioni 57, nyingi zikiwa huko chini ya maji. "Fidia tulishalipwa," akasema. "Kiwanda ndo bado."

Mtwara, mzee mwenye gesti hakutaka kuzungumzia mwaka 2013 mpaka alipomaliza kahawa. Mji uliandamana ukisema "gesi haitoki", maduka yakafungwa, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Oktoba 2015 bomba la inchi 36 la kwenda Dar, lililojengwa kwa mkopo wa China, likazinduliwa. "Ikatoka," akasema, akageuza kikombe. Hata hivyo kiwanda cha saruji na mitambo ya umeme ya hapo inaitumia, na baadhi ya nyumba za mjini zimeunganishiwa.

Asubuhi nilipanda bodaboda hadi Msimbati, mchanga ukituangusha mara mbili. Gesi ya hapo, inayoitwa ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, hupelekwa kiwandani Madimba kusafishwa, kisha inashika njia ya Dar.

Mama muuza chai alikuwa na mtungi mdogo pembeni ya mafiga, umefunikwa kanga.

"Umeisha, mama?"

"Tangu Jumanne. Kujaza mpaka mjini."

Nikaanza kumwambia gesi si iko hapahapa. Akanikatiza.

"Ya kwetu inapita bombani, mwanangu. Hii ya mtungi inakuja na meli."

Akasukuma kuni ndani, birika likaanza kuimba.