Ukuta wa kusini na baridi ya kipupwe

Tangu mwanzoni mwa Julai upepo wa kusi unaingia uchochoroni kwetu kila alfajiri, na sisi wazee tunaoishi katika nyumba hii ya Mji Mkongwe tumerudi kwenye mwenendo wetu wa kipupwe. Maji ya kuogea huchemshwa, mashuka hupandishwa mabegani, na kikao cha kahawa ambacho wakati wa kaskazi huwa barazani baada ya Alasiri kimehamia uwani, mahali upepo usipofika. Jamaa zetu walioko Uingereza wakipiga simu huuliza ni baridi gani hiyo tunayoilalamikia, ilhali usiku joto halishuki sana chini ya nyuzi 21 na mchana hufika 28. Nami huwaeleza habari ya ukuta.

Nyumba yetu ni ya wakfu, ina ghorofa mbili juu ya ile ya chini, na tunaishi humo watu saba, kila mmoja na chumba chake, tukishirikiana jiko, kisima na uwa. Hakuna aliyepanga iwe nyumba ya wazee. Watoto waliolewa na kuoa, wakahamia Fuoni na Mwanakwerekwe, wengine wakavuka bahari, na kila aliyeondoka aliacha nyuma mzazi asiyetaka kuuacha mtaa aliouzoea. Leo mdogo wetu ana miaka 66. Yupo baharia aliyeanza kwenye majahazi akamalizia kwenye meli za mizigo, yupo mkunga mstaafu, wapo ndugu wawili waliokuwa wakiuza viungo sokoni Darajani, yupo mpishi wa shughuli ambaye bado huitwa kuonja pilau, yupo Bi Mkubwa anayeshona kofia za viua, na nipo mimi niliyesomesha sayansi skuli kwa miaka 34. Wanne kati yetu tunapata pencheni jamii, ile iliyoanzishwa hapa Zanzibar mwaka 2016 kwa kila aliyetimiza miaka 70, ikianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi.

Ukuta wa kusini ndio unaopigwa na mvua ya masika inayosukumwa na upepo, na ndio ukuta wa chumba cha Bi Mkubwa. Miaka 11 iliyopita fundi mmoja aliletwa kuutengeneza, akabandua lipu ya zamani ya chokaa na kupiga ya saruji, ikatoka laini na ngumu, na sote tukamshukuru. Lawama ya yaliyofuata naigawa kati yake na mimi, kwa sababu niliyajua ya kutosha na nikanyamaza. Nyumba za huku zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, na vitu viwili hivyo hunywa maji mvua inaponyesha kisha huyatoa jua linapowaka. Saruji haina tabia hiyo. Maji yaliyopata upenyo kwenye nyufa za juu, pamoja na yale yanayopanda kutoka ardhini, yalibaki ndani ya ukuta bila ya njia ya kutokea, yakawa yanatafuta upande wa ndani, yaani upande anaolala mtu. Mwaka wa tatu chumvi ilianza kutoka kama unga mweupe. Mwaka huu, masika ilipomalizika, lipu ilikuwa imevimba kama tumbo, na ukiigonga kwa kifundo cha kidole ilitoa sauti ya debe tupu.

Basi hiyo ndiyo baridi niliyokuwa nikiieleza kwenye simu. Mtu mwenye baridi yabisi akilala dhiraa moja kutoka kwenye ukuta uliolowa, kusi ikipuliza upande wa pili, anaamka vidole vimekakamaa. Bi Mkubwa alikuwa akikaa hadi saa nne asubuhi ndipo aweze kushika sindano, na kofia moja iliyokuwa ikimchukua miezi miwili ilianza kumchukua minne. Hakusema. Tulijua pale mteja wake alipokuja kuiuliza kofia yake mara ya tatu.

Tulipobandua saruji upande wa juu tulikuta jambo zito zaidi. Sakafu za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, ambazo zamani zililetwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji, na urefu wa mti wenyewe ndio uliopanga upana wa vyumba, hata vingi havizidi mita tatu au pungufu yake. Vichwa vya boriti vimezikwa ukutani. Ukuta ukiwa mkavu hukaa humo miaka mia bila ya neno, ukilowa daima huoza kuanzia kichwani, mahali macho yasipofika. Fundi alinipa msumari wa inchi nne akaniambia nichome. Boriti ya kwanza iliukataa. Ya pili iliukataa. Ya tatu iliupokea wote mpaka kichwani, bila ya nguvu, kama boga lililoiva, na nilipouchomoa ulitoka na vumbi jeusi lililonuka uyoga. Ya nne ilikuwa vivyo hivyo. Juu ya boriti hizo mbili ndipo kilipo kitanda cha baharia.

Hatukuhitaji kuambiana. Sote tunaikumbuka siku ya tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, kasri la mwaka 1883 tuliloliona tangu tunazaliwa, ilipoporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo chenga zikimwagika darini usiku, watu wa nyumba hii hunyamaza wote kwa pamoja, kila mmoja chumbani mwake, kusikiliza kama kuna la pili. Baharia alishuka na godoro lake jioni ile ile, akalala ukumbini pangu kwa siku 16, na nimejifunza katika siku hizo kwamba husali tahajudi kila usiku na kwamba anakoroma kwa Kihindi, kama asemavyo mwenyewe.

Kipupwe ndicho kipindi cha kazi hii, na naliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu vijana wengi wanaorithi nyumba huku hawaambiwi. Masika ukuta umejaa maji na chokaa haishiki. Kaskazi jua ni kali, chokaa hukauka kwa juu kabla haijakomaa ndani, nayo hupasuka na kuwa unga. Chokaa haikomai kwa kukauka tu kama udongo. Inavuta hewa ya ukaa kidogo kidogo na kurudi kuwa jiwe lile lile lililochomwa tanuuni, na kwa kazi hiyo inataka unyevu na muda. Katika kipupwe ukuta umeshatoa maji ya masika, jua ni la wastani, na mvua za mchoo zikija ni za kupita. Adui anayebaki ni kusi lenyewe, linalokausha upesi, na dawa yake ni magunia yaliyoloweshwa yanayotundikwa mbele ya ukuta mchana na usiku.

Fedha zilipatikana kama zinavyopatikana siku zote: shilingi 5,000 kila mwezi kwa kila chumba, mchango wa msikitini, na watoto wa ng'ambo wakaziba palipopungua. Kibali tulikipata, maana ndani ya Mji Mkongwe matengenezo yanahitaji kibali. Boriti mbili tulizipata kwenye nyumba iliyobomolewa, kavu, nzito, zikilia kama chuma ukizigonga. Chokaa tuliiloweka ndani ya mapipa uwani tangu kabla ya Ramadhani, na ilipofunguliwa ilikuwa laini kama samli iliyoganda.

Siku ya kwanza ya lipu, kijana msaidizi wa fundi alitusimamia kwa wema kabisa na kutusihi.

"Shikamoo, Maalim. Babu, mkituruhusu tukatia saruji, kazi hii leo inakwisha, na kesho Bibi analala chumbani mwake."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo iliyokwisha kwa siku moja ndiyo iliyotuozesha boriti. Njoo uone."

Nikampa ule msumari na kipande cha boriti iliyooza. Alichoma, akachomoa, akanusa, akamtazama fundi wake. Fundi hakusema neno. Alichukua karai, akapima moja la chokaa kwa matatu ya mchanga na konzi za udongo mwekundu, akaanza kupondaponda. Kuanzia hapo kijana alikuwa wa kwanza kufika kila asubuhi.

Lipo jingine ambalo limenishughulisha zaidi ya ukuta. Mwaka jana watu wenye nia njema walikuja kututengenezea mlango wa Bi Mkubwa, wakamtilia komeo jipya la chuma, zuri, juu kabisa karibu na kizingiti cha juu, kwa usalama wake. Bi Mkubwa hawezi kuinua mkono kupita bega. Kwa hivyo kwa mwaka mzima alilala mlango wazi, au alimwita mtoto wa jirani amfungie kwa nje, na mwenye kufungiwa kwa nje usiku, ndani ya nyumba ya ghorofa, si salama hata kidogo. Nilipolijua nilikasirika, na hasira hiyo haijaniisha, kwani hakuna aliyemuuliza swali moja, hata mimi ninayepita mlangoni pake mara tano kwa siku nikienda na kurudi msikitini.

Safari hii tulimuuliza. Alisimama mlangoni na baibui lake, fundi akashika utepe wa kupimia, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko chake cha mkono wa kulia: sentimita 94. Komeo limewekwa hapo. Akaulizwa na dirisha. Alisema bawaba ya ubao wa kushoto imekufa siku nyingi, ubao haufunguki wote, na mwanga wa asubuhi unamfikia magotini badala ya mikononi. Angependa umfikie mikononi. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Akaulizwa kama kuna lingine, akafikiri kwa muda mrefu, akasema kizingiti cha chini cha mlango wa uwani kipakwe rangi nyeupe, kwa kuwa magharibi hakioni. Hilo halikuwa katika orodha ya mtu yeyote, na miongoni mwetu wawili tumekwishaanguka hapo.

Ngazi ziliachiwa baharia. Ni za mawe, zimesimama wima kama ngazi za minara, na hazikuwa na pa kushikia. Fundi alipendekeza bomba la chuma. Baharia alisema chuma katika kipupwe ni baridi mkononi na katika hewa ya bahari hula kutu, akaomba kamba ya usumba nene kama kifundo cha mkono. Alikaa siku mbili barazani akiiunga, akiingiza ncha ndani ya ncha kwa kipande cha mti alichokichonga mwenyewe, na kila baada ya vidato vitatu akafunga fundo kubwa, ili mkono unaoteleza upate pa kukamatia na ili mpandaji wa gizani ajue amefika wapi. Kamba imepita kwenye pete tano zilizozikwa ukutani. Mkunga, ambaye hakuwa ameshuka kwa wiki tatu kwa ajili ya goti lake, alishuka Ijumaa, akihesabu mafundo kwa sauti: saba. Akakaa nasi uwani hadi Magharibi, akanywa vikombe viwili vya kahawa na kueleza upya ni nani kati ya vijana wa mtaa alizaliwa kwa mikono yake.

Leo ni siku ya tisa tangu tabaka la mwisho lipigwe. Ukuta umegeuka kutoka kijivu hadi weupe wa maziwa kwa pembeni, katikati bado una kivuli, na ukiweka kiganja unahisi ubaridi mwepesi, tofauti kabisa na ule utelezi wa zamani. Bi Mkubwa amerudi chumbani mwake juzi. Kitanda bado tumekiweka mbali na ukuta mpaka mwezi utimie. Magunia hukauka upesi usiku kusi likizidi, kwa hivyo tumegawana zamu za kuyalowesha: mpishi baada ya Isha, mimi saa sita, baharia anapoamka kwa tahajudi, na ndugu wawili wa viungo kabla ya Alfajiri. Ndoo iko chini ya dirisha na kata iko ndani yake. Saa yangu inaniambia imebaki robo.