Mtoto wa la pili, robo saa ya jioni na kitabu chake

Mzazi mwenzangu mwenye mtoto darasa la kwanza au la pili, leo jioni chukua kitabu chake cha kusoma, usifungue ule ukurasa anaoupenda, fungua huko katikati, halafu ziba mstari kwa kiganja umuachie neno moja tu alisome. Hapo wengi ndo wanakwama. Watoto wana masikio makali jamani, darasani wanasoma kwa pamoja kwa sauti, wanashika hadithi nzima kwa kusikia tu, akifika nyumbani anakusomea vizuri mpaka moyo unafurahi, kidole kinatembea kwenye mistari, kumbe macho hayapo kwenye maneno kabisa, amekariri. Nimeliona hili kwa wanangu na kwa watoto wa majirani wanaokuja kusoma barazani kwetu, na wala sio uvivu wao.

Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wameongezeka sana, huku kwetu Mbagala unaweza kukuta mwalimu mmoja wa la kwanza ana watoto zaidi ya mia, sasa hata awe mwalimu mzuri kiasi gani atamsikiliza nani na atamuacha nani? Mtaala wa la kwanza na la pili tangu 2015 uliwekewa mkazo kwenye KKK, kusoma kuandika na kuhesabu, na mi naona ni sawa kabisa. Ila kusoma kunataka mtu mmoja akae na mtoto mmoja amsikilize neno kwa neno, na mtu huyo kwa hali ilivyo ni wewe, au kaka yake mkubwa, au bibi.

Na kazi yenyewe kwa Kiswahili sio ngumu hivyo maana kinasomwa kama kilivyoandikwa. Irabu tano, halafu ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, akishazishika hizo anaunganisha mwenyewe, ka-ka, ma-ma, ki-ti. Shida inaanza pale herufi zinapobebana, mb, nd, nj, ny, ch, dh, gh, na zile zinazowatoa jasho kabisa kama mbw, ndw na nyw. Hapo mtoto anaesoma vizuri tu ghafla anaanza kubahatisha, anaona herufi ya kwanza anatunga neno lake. Ng na ng' nazo zinahitaji siku zake, mwache aone ngoma na ng'ombe zimeandikwa pamoja, asome moja asome nyingine mpaka sikio likubali.

Mi nakata maboksi ya biskuti vipande vidogo, kila kipande silabi moja kwa maka peni, nya, mbwa, ndi, ng'o, cha, ru, tunavimwaga kwenye mkeka anapanga maneno ya vitu anavyovijua, nyanya, mbwa, chandarua, kitunguu. Baadae tunageuza, mi nataja yeye anaandika, imla kama ya shuleni lakini maneno machache tu. Robo saa inatosha. Akikwama usikimbilie kumtajia neno, mwambie avunje silabi moja moja, subiri, na kile kimya wakati anafikiria kivumilie, ndo kichwa kinafanya kazi. Fimbo na makofi weka mbali kabisa na kitabu, mtoto anaeogopa anaangalia mkono wako, haangalii herufi.

Akimaliza kusoma muulize, nani alienda sokoni, alinunua nini, kwa nini mdogo wake alilia. Kama hajui, hakusoma, alitamka tu. Hii inakuja kuwaumiza mbele kwenye ule upimaji wa taifa wa darasa la nne, maana huko maswali anayasoma mwenyewe, hata hisabati kuna mafumbo ya maneno, mtoto anajua vizuri kujumlisha kwa kubeba lakini swali lenyewe hajalielewa, anakosa.

Kuna mzazi atasema mi sikusoma nitamsaidia vipi. Unamsaidia sana tu. Mwambie akusomee, wewe sikiliza, halafu akusimulie, ukiona hadithi haiunganiki unajua kuna mahali ameruka. Mpigie hadithi za kwenu, mtegee vitendawili mnapomenya viazi, huko anaokota maneno ambayo siku akikutana nayo kitabuni hayatakuwa mageni. Hesabu mpe dukani, muachie elfu mbili anunue vitu vya 1,300, kabla hajaondoka akwambie arudi na chenji ngapi.

Twisheni kwa mtoto wa la pili mi siikubali, nasema wazi. Ametoka nyumbani alfajiri, pengine na chai kavu, anatoka shule anapitiliza twisheni mpaka magharibi, akirudi anasinzia kwenye sahani. Mpe uji wa maana asubuhi na usingizi wa kutosha usiku, utaona tofauti darasani. Na wale wa english medium tafadhali msimkataze mtoto Kiswahili nyumbani, akishajua kusoma lugha anayoielewa, ile ya pili anaingia akiwa tayari anajua kusoma ni nini.

Vitabu visiwe kisingizio, Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, unavisoma kwa simu bila kulipia zaidi ya bando lako. Mtoto asipewe tu simu aende nayo chumbani, kaeni wote.

Halafu daftari. Lifungue kila siku, angalia vyema na vikosa, angalia pia tarehe maana kuna wiki nzima unakuta haina kazi na mtoto anakwambia tumeandika. Ukiona hivyo nenda shule, usisubiri kikao cha wazazi, na ukifika usimuulize mwalimu mtoto amekuwa wa ngapi. Muulize anakwama wapi. Akikwambia huyu nd na nj bado zinamchanganya, hapo umepata kazi ya jioni ya wiki nzima na unajua pa kuanzia.